Mgomba wa Gicheru

Wacera alimkamata mwanamume kola katikati ya soko la Kitale, saa nne asubuhi, mbele ya akina mama wa sukuma wiki, akamwita kwa jina la mtu ambaye hakuwa ameonekana kwa miezi kumi na moja.

"Gicheru!"

Mwanamume akageuka. Hakuwa Gicheru. Alikuwa mrefu kumshinda, mweusi kumshinda, vidole vyake vimejaa grisi ya minyororo ya baiskeli. Lakini sweta aliyovaa, ile ya kijani ya majani ya chai, Wacera aliijua kama anavyoujua mkono wake mwenyewe. Aliifuma yeye, kwa mashine yake, sebuleni kwao kule Endebess, enzi zile walipokuwa na sebule.

"Umeitoa wapi hii sweta? Umemfanya nini mwenyewe? Sema!"

"Dada, pole pole. Ukipiga kelele hivyo wataniita mwizi, na hawa watu wako karibu na mawe."

"Geuza mkono!"

Akageuza. Wacera akakunjua ncha ya mkono wa sweta. Kwa ndani, mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona, kulikuwa na mstari mmoja wa uzi wa njano. Sweta za shule alizouza hazikuwa na mstari huo. Aliuweka kwa za watu wa nyumbani peke yao.

Mwanamume akautazama ule mstari, kisha akamtazama msichana: sketi ya jinzi, lesso ya zambarau mabegani kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, macho yaliyokuwa tayari kulia na tayari kupigana.

"Basi ni wewe," akasema taratibu. "Wewe ndiye Wacera. Aliniambia kuhusu huu mstari. Hii ni mara yangu ya tatu kuja Kitale kukutafuta. Leo nikasema, sweta ya kufumwa ina aliyeifuma. Nitaivaa nizunguke nayo soko mpaka mtu anikamate."

"Na kwetu? Hukuenda?"

"Nilienda. Nikapata ukuta."

"Ulisoma?"

"Nilisoma. 'Gicheru, tuko Kitale.' Baada ya hapo mvua ilikuwa imefuta. Na Kitale ni kubwa, dada."

Wacera akaketi juu ya gunia la mtu bila kuomba.

Maneno yale kwenye ukuta yaliandikwa na mama yake, Wamboi, kwa kaa la nyumba yake mwenyewe. Nyumba ilichomwa mwezi wa kwanza mwaka ule, 2008, katika zile wiki za baada ya uchaguzi ambazo watu waliamka wakaambiwa ardhi waliyoilima miaka thelathini si yao. Ilipochomwa, Gicheru, ndugu yake Wacera, alikuwa ameshapotea miezi mitano. Kwa hiyo kabla ya kupanda kwenye trekta iliyowaokoa, Wamboi alirudi mbio akaandika ukutani: Gicheru, tuko Kitale, mtaa wa Mitume. Ili kijana akirudi asidhani wamekufa. Baadaye wakubwa walipeana mikono, wakanywa chai, wakatuma mtu na daftari kuandika majina ya waliopoteza. Wamboi aliandikwa mara tatu katika madaftari matatu. Madaftari yote matatu hayajulikani yalipo. Siku hizi kuna watu wanaosema tusahau. Wanaosema hivyo nyumba zao bado zina mabati.

Katika kibanda cha chai, yule mwanamume alijitaja: Wekoye, fundi wa baiskeli mjini Bungoma. Gicheru alikuwa akiteremsha viazi na vitunguu kutoka Kapsokwony, kule mlimani, anauza soko la Bungoma, akichelewa analala kwao.

"Usiku wa mwisho alilala kwetu. Mama akaifua hii sweta kwa sababu ilikuwa na matope. Asubuhi ilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Akasema, acha ikauke, nitaichukua nikirudi. Akapanda mlimani na fulana."

"Halafu?"

"Halafu mlima ulikuwa vile ulivyokuwa, Wacera. Wenye bunduki walikuwa upande huu, na wenye bunduki wengine wakaja kuwatafuta. Watu wa katikati hakuna aliyewahesabu."

Akavua ile sweta, akaikunja vizuri, akaiweka mbele yake. Akabaki na shati jembamba, anatetemeka. Wacera aliitazama, kisha akamrudishia.

"Vaa. Utapata homa, nionekane mbaya."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Wacera alikuwa na simu ya tochi, Wekoye pia alikuwa nayo, na baina ya Kitale na Bungoma mnara ulifanya kazi ambayo serikali haikufanya. Wekoye alipiga jioni, baada ya kufunga kibanda.

"Niaje, kairetu?"

"Nani amekufundisha hilo neno?"

"Ndugu yako. Alisema nikipata msichana wa Kikuyu nimwite hivyo, ataniletea chai."

"Alikudanganya. Atakuuliza uko na shamba."

"Niko na spana kumi na mbili na pampu."

"Ati pampu! Bana, wewe ni tajiri. Sasa umekula?"

"Nimekula ugali, ugari wa wimbi."

"Ugali ama ugari? Amua moja."

"Wewe njoo ule, jina tutaamua baadaye."

Wacera alicheka akishika mdomo ili mama asisikie. Wamboi alikuwa upande wa pili wa pazia, anapakua chakula. Alipakua sahani tatu kila siku. Sahani ya tatu aliifunika na nyingine juu, akaiweka kwenye rafu karibu na mlango. Asubuhi alikila kile chakula yeye mwenyewe, kikiwa baridi. Wacera hakuwahi kuuliza. Katika nyumba ile ya chumba kimoja waliishi watu wawili na mmoja ambaye mlango haukufungwa kwa komeo kwa sababu yake.

Mwezi wa tisa Wekoye akaja na baiskeli aliyoitengeneza upya, nyekundu, kiti cha nyuma kimewekwa mto wa sponji. "Panda," akasema. "Nakupeleka mahali ambapo hakuna mtu wa kukuambia pole."

Pole zilikuwa zimemchosha Wacera. Pole za kanisani, pole za wateja wanaotaka sweta haraka, pole za watu wanaouliza habari ili wapate ya kusimulia. Alivaa gauni la maua ya bluu na raba nyeupe, akapanda. Kilomita ishirini, wakisukuma baiskeli kwenye milima na kupiga kelele kwenye miteremko, mpaka kinamasi cha Saiwa.

Huko mtu hutembea juu ya mbao zilizowekwa juu ya maji, mafunjo yamesimama pande zote kumpita kichwa. Kulikuwa na harufu ya tope na mnanaa wa porini. Korongo wawili wenye taji walipiga kelele kama lango linalohitaji mafuta. Walipanda jukwaa la mbao wakaketi, miguu inaning'inia, na Wekoye hakusema kitu. Nusu saa nzima. Wacera alikuwa hajawahi kukaa na mtu ambaye hakutaka kumfariji kwa mdomo.

"Angalia pale," Wekoye akanong'ona hatimaye. "Kando ya yale majani. Unaona pua?"

Mwanzoni hakuona. Kisha akaona: tundu mbili ndogo nyeusi za pua, zimetokeza juu ya maji, na nyuma yake macho. Mnyama mzima alikuwa chini.

"Nzohe, swala wa kinamasi. Akisikia hatari anaingia majini, anabakisha pua. Anaweza kukaa hivyo mpaka uchoke uende zako."

Wacera alitazama ile pua mpaka ikamwuma mahali ambapo hakupajua.

"Labda Gicheru yuko hivyo," akasema. "Mahali fulani. Amebakisha pua. Anangoja wachoke."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Agosti ya mwaka uliopita. Alilia mpaka gauni la bluu likalowa kifuani. Wekoye alimshika bega kwa mkono wake wa grisi, akatazama mbele. Alikuwa na jibu, na jibu lenyewe halikuwa zuri, kwa hiyo alilimeza. Laiti angelisema siku ile, palepale juu ya maji. Kosa lake lilianzia hapo.

Kule kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma, mama yake Wekoye, Phelista, alikuwa halali. Alimsikia mtu akikohoa uani, karibu na kamba ya nguo. Alitoka na taa mara nne, akakuta kamba tupu. Akawaambia wazee. Mzee Khisa, ndugu ya marehemu mumewe, alisikiliza na kutikisa kichwa. Alieleza kwamba mtu aliyetoka mlangoni kwako asionekane tena hana pa kulala, na kwa hiyo anarudi mahali pa mwisho alipolala. Mwili ukikosekana, desturi ya Wabukusu inajulikana: unakata gogo la mgomba, unalivika shuka, unaimba, unalizika. Hapo mtu anapumzika, na wenye kungoja wanapumzika.

Wekoye aliona hiyo ndiyo zawadi. Aliona atampa Wacera kaburi la kulilia. Na kwa sababu hakujua neno la kuanzia, akampigia simu, mwezi wa kumi na mbili, akasema maneno yaliyo rahisi:

"Switi, Jumamosi uje nyumbani na mama. Wazee wanataka kuwaona. Ni jambo kubwa."

"Jambo gani?"

"Utaona. Vaeni vizuri."

Wewe msomaji ungefikiri nini? Wacera alifikiri hilohilo. Alisukwa nywele siku mbili. Akavaa suti ya rangi ya maziwa aliyoiazima, viatu vya kisigino, na hereni. Wamboi alivaa kitambaa kipya kichwani na lile koti lake la kanisani lililonusurika moto, akabeba kikapu: sukari, majani ya chai, mkate mkubwa, na lesso mbili za kumfunga mama mkwe. Njiani Wamboi alitabasamu, jambo ambalo lilikuwa limekuwa geni usoni mwake. "Gicheru atakasirika dada yake akiposwa bila yeye," akasema. "Tutamwekea kipande cha keki."

Walisikia nyimbo tangu barabarani. Wacera akafinya mkono wa mama yake kwa furaha. Walipoingia langoni waliona watu wameketi kwa mistari. Kisha wakaona udongo mwekundu, mbichi, umerundikwa kando ya shimo. Kando ya shimo palikuwa na kitu kirefu, kimevikwa shuka nyeupe, urefu wa mtu.

Nyimbo zikakoma. Phelista akaja mikono mbele, akilia. "Mama Gicheru, karibu. Karibu umpumzishe mtoto."

Kikapu kikaanguka. Wamboi alikwenda moja kwa moja kwenye ile shuka, akapiga magoti, akaifungua upande wa kichwa. Alitazama muda mrefu.

"Ni ndizi," akasema. Aligeuka akawaambia watu wote, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu. "Huyu si mtoto wangu. Ni ndizi. Mtoto wangu yuko hai, chakula chake kiko nyumbani."

Wacera alimkuta Wekoye amesimama na kofia mkononi.

"Umeniambia nivae vizuri," akasema.

"Wacera, nilitaka…"

"Mwaka mzima tunaacha mlango wazi. Wale wenye bunduki hawakusema amekufa. Serikali haikusema amekufa. Wewe ndiye umesema. Umemwua ndugu yangu kwa jembe, ukanialika na hereni!"

"Nilitaka upate mahali pa kulia."

"Nilikuwa napo! Nililia Saiwa, na wewe ulikaa kimya, nikadhani unangoja na mimi. Kumbe ulikuwa unapima shimo."

Alimwinua mama yake wakaondoka. Nyuma yao, kwa sababu shimo lililochimbwa haliachwi wazi, wazee walizika kile walichokuwa nacho.

Wekoye alipiga simu siku arobaini. Wacera alihesabu, ingawa hakupokea. Alifuma sweta za shule mpaka mabega yakamwuma. Jumapili moja moja alikwenda Saiwa peke yake, akapanda lile jukwaa, akatafuta pua kwenye maji. Kule peke yake ndiko alikoweza kupumua. Maji hayakumwambia angoje wala asingoje. Lakini kila alipomwona nzohe, aliona pia jambo ambalo mara ya kwanza hakutaka kuliona: watu wakishaondoka, mnyama hutoka. Hujikung'uta, akala majani. Hakai chini mwaka. Hakai chini miezi ishirini.

Hakumwambia mama yake. Sahani ya tatu iliendelea kufunikwa.

Mvua za mwezi wa nne mwaka wa 2009 zilipoanza, simu ililia mchana, mashine ikiwa katikati ya mkono wa sweta. Sijui ni nini kilichomfanya apokee.

"Usikate," Wekoye akasema haraka. "Sikupigii ya mapenzi. Ule mgomba umechipuka."

"Nini?"

"Juu ya kaburi. Umetoa majani matatu. Wazee wamekasirika, wanasema kilichozikwa lazima kioze, wanataka kuung'oa leo. Nimesimama hapo na spana, nimewaambia hakuna mtu ataugusa mpaka mwenyewe aseme."

"Gogo linachipuka namna gani, Wekoye? Si mlikata?"

 Alisikia mvua ikipiga bati la Bungoma.

"Niliambiwa nikate. Nikainua panga, nikashindwa. Nilikuwa nimeambiwa huyu ni Gicheru, sasa nitampigaje panga? Nikachimba usiwe na jeraha. Nikautoa mzima, na mizizi yake. Nikaufunika ili Mzee Khisa asione." Akavuta pumzi. "Wacera, hata mimi sikuweza kumwua. Nilipaswa kukuambia. Nilipaswa kukuuliza kabla ya yote."

Wacera alizima mashine. Uzi ulikuwa umekatika na hakuwa ameona.

Alidhani mama yake atakataa kwenda. Wamboi alisikiliza habari yote, mikono ndani ya unga, kisha akanawa. "Twende," akasema. "Nataka kuona."

Safari hii hawakujipamba. Gamboti na makoti ya mvua. Mzee Khisa alikuwa langoni na jembe lake, Wekoye amesimama kati yake na kaburi, amelowa, ile sweta ya kijani imemshika mwilini. Mgomba ulikuwa umefika magotini. Majani yake yalikuwa mapya kabisa, yenye kung'aa, na kando yake, kama mtoto nyuma ya sketi, kulikuwa na chipukizi jingine dogo.

Phelista alikuja polepole. Hakunyosha mikono safari hii.

"Mama Gicheru, mimi ndiye niliifua hiyo sweta," akasema. "Kama ningeiacha na matope yake, angepanda mlimani akiwa amejifunika. Kila siku naiona kwenye kamba. Nilitaka kuzika kitu, chochote, niache kuiona."

Hapo ndipo Wacera alipoelewa kilio kilichokuwa kikiwakaribisha siku ile. Hakikuwa cha desturi.

Wamboi alimtazama yule mwanamke mwenzake, mzee kama yeye, macho mekundu kama yake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu alilitarajia. Akavua koti lake la mvua akamvisha.

"Ulimfulia mtoto wangu nguo," akasema. "Usiku wake wa mwisho ninaoujua, alilala safi. Pole, dada. Pole sana. Hujalala wewe."

Wakashikana wakalia, mvua inawapiga, na Mzee Khisa akaweka jembe chini.

Baadaye Wamboi alichuchumaa mbele ya mgomba. Aliugusa kama mtu anavyopima homa ya mtoto. "Using'olewe," akamwambia Khisa. "Sijasema amekufa, mzee. Nimesema apate kivuli. Na hili dogo, nipe jembe, nalichukua Kitale."

Khisa alifungua mdomo kutaja desturi. Badala yake akaokota jembe, akampa.

Wacera na Wekoye walisimama chini ya paa la jikoni, hatua mbili baina yao.

"Sweta yangu inaharibika na mvua," Wacera akasema.

"Nitaivua."

"Nani amekwambia uvue? Ukivua utatetemeka kama siku ile, kama kuku."

Wekoye alithubutu hatua moja. "Kairetu."

"Mm."

"Naweza kukuuliza kitu? Sasa nauliza, sifanyi."

"Uliza."

"Nikija Kitale na wazee, mtanipa chai?"

Wacera alitazama kaburi ambalo halikuwa na mtu, na mama wawili wakichimba kando yake. Hofu yake ilikuwa pale pale, haijaenda popote. Lakini ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

"Uje," akasema. "Lakini useme ni jambo gani, siku gani, na nani atakuwepo. Ukiniambia tu nivae vizuri, nitakuja na gamboti."

Chipukizi walilipanda Mitume, nyuma ya chumba chao, pale maji ya vyombo yanapomwagwa. Jioni ile Wamboi alipakua sahani mbili. Aliishika ile ya tatu kwa muda, tupu, akaiosha ingawa ilikuwa safi, akatoka akamwaga maji yake polepole kwenye mizizi.

Mlango aliurudisha tu. Komeo hakulifunga.